Kitabu Kimoja, Waandishi Wengi: Somo la Kusahihishana Bila Kufutana



Hebu tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmewahi kuliona. Kikundi kimoja cha kina mama huko Kawangware kilikuwa na daftari la michango. Siku moja mwanachama mmoja alilifungua akakuta mstari wake umepakwa wino mweupe wa kufutia, na juu yake pameandikwa hesabu nyingine. Akauliza nani amefanya hivyo. Watu wakanyamaza. Mwishowe mweka hazina akasema alikuwa anasahihisha kosa tu. Labda ilikuwa kweli. Lakini hakuna aliyeweza kuonyesha kilichokuwa chini ya ule wino, wala aliyejua kilibadilishwa siku gani na kwa sababu gani. Baada ya miezi mitatu kikundi cha watu ishirini na wawili kilibaki na watu saba. Mpaka leo hatujui kama pesa ziliibiwa. Huko kutojua ndiko kulikokivunja kikundi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumejifunza kwamba hata daftari likiwepo, kikundi kinaweza kupotea kama watu hawajui namna ya kusahihishana ndani yake.

Katika somo hili tutaangalia kitabu kinachoandikwa na maelfu ya watu wasiojuana, ambao hubishana kila siku, na bado kitabu hakijavunjika. Tutauliza wanafanyaje. Halafu tutaona ni nini tunachoweza kuchukua kwao, hata kama kikundi chetu hakina kompyuta.

KITABU HIKI NI KIPI?

Kinaitwa Wikipedia. Ni kamusi elezo, yaani kitabu kinachoeleza habari za mambo mengi: nchi, miji, mito, magonjwa, mimea, watu mashuhuri. Hakiuzwi dukani. Kinasomwa katika intaneti, kwa simu au kwa kompyuta ya saiba, na msomaji halipi kitu ila gharama ya mtandao. Liko shirika lisilo la faida huko Marekani, Wikimedia Foundation, linalotunza mitambo na kuomba michango. Lakini shirika hilo haliandiki makala. Wanaoandika ni watu wa kujitolea, kama sisi katika vikundi vyetu. Mwalimu anaweza kuandika mistari miwili usiku baada ya kusahihisha madaftari ya wanafunzi. Mtu wa mji mwingine akaongeza tarehe iliyokosekana. Wa tatu, aliye ng'ambo, akarekebisha tahajia. Hawajuani kwa sura, na pengine hawatakutana maisha yao yote.

Kilianza hivi. Mwaka 2000 Jimmy Wales na Larry Sanger walianzisha kamusi elezo ya intaneti iliyoitwa Nupedia. Waandishi walitakiwa kuwa wataalamu, na kila makala ilipitia hatua saba za kukaguliwa kabla ya kutolewa. Mwaka wa kwanza ulikwisha wakiwa na makala kama 20 tu. Januari 2001 wakafungua Wikipedia kando yake, mlango wazi: yeyote aandike, na yeyote asahihishe. Kabla mwaka huo haujaisha zilikuwa zimeandikwa maelfu ya makala. Leo Wikipedia iko katika lugha zaidi ya 300, na ile ya Kiingereza peke yake ina makala zaidi ya 6,000,000.

Na jina je? Sisi wasemaji wa Kiswahili tukisikia "wiki" tunafikiria siku saba. Kumbe neno hili limetoka visiwa vya Hawaii, na maana yake ni "haraka". Mmarekani Ward Cunningham alilikuta katika uwanja wa ndege wa Honolulu, ambako basi la abiria liliitwa hivyo, na mwaka 1995 akaipa jina hilo programu yake ya kurasa ambazo msomaji anaweza kuzibadilisha.

Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003. Mmoja wa waandishi wake wa mwanzo alikuwa Ndesanjo Macha, mwandishi wa habari kutoka Tanzania. Leo ina makala zaidi ya 70,000. Lakini wanaoandika mara kwa mara ni wachache sana wakilinganishwa na mamilioni ya watu wanaozungumza lugha hii. Kazi ya wengi inabebwa na wachache. Hilo nalo, si mnalijua katika vikundi vyenu?

WANAELEWANA VIPI?

Mtu atauliza: kama yeyote anaweza kubadilisha maneno ya mwenzake, si itakuwa vurugu? Ndiyo, vurugu huwa. Wapo wanaokuja kuandika matusi. Wapo wanaofuta ukurasa mzima. Wapo wanaoandika sifa za jamaa zao. Hata hivyo kitabu kinasimama, kwa sababu nyuma ya kila ukurasa yapo mambo matano ambayo msomaji wa haraka hayaoni.

La kwanza ni historia. Kila makala ina orodha ya mabadiliko yote tangu siku ilipoanza: tarehe, saa, nani alibadilisha, na maneno yalikuwaje kabla. Hapa hakuna wino mweupe. Ukifuta sentensi ya mwenzako, sentensi ile bado ipo katika historia, na yeyote anaweza kuiona na kuirudisha. Machache tu hufichwa kwa sababu maalumu, kwa mfano maneno yanayoweza kumdhuru mtu. Kwa hiyo mgeni anaweza kupewa kalamu bila hofu kubwa, maana akikosea, kosa lake linaponyeka.

La pili ni sababu. Unapobadilisha neno, kuna nafasi ndogo ya kuandika kwa nini: "nimerekebisha tarehe", "nimeongeza chanzo". Maneno matatu au manne yanatosha. Mwenzako akiyaona anajua hukumdharau.

La tatu ni ukurasa wa majadiliano. Kila makala ina ukurasa wa pili unaoitwa Majadiliano. Hapo ndipo watu huulizana na kujibizana, na makala yenyewe hubaki safi. Ukiandika hapo unaweka sahihi yako kwa alama nne za mawimbi, ~~~~, na mtambo unaandika jina lako na saa. Maneno hubaki hapo ili atakayekuja mwakani aelewe tulifikaje tulipofika. Na kwa mambo yanayowahusu wote, Wikipedia ya Kiswahili ina ukurasa uitwao Jumuia, ambao ni kama baraza.

La nne ni chanzo. Haitoshi kusema "mimi najua". Unatakiwa uonyeshe ulikosoma: kitabu, gazeti, ripoti ya sensa. Watu wawili wasioaminiana wanaweza kufungua ukurasa uleule wa ripoti na kusoma pamoja. Na vyanzo viwili vikipingana, makala haichagui mshindi. Inaeleza kwamba huyu amesema hivi na yule amesema vile.

La tano ni nia njema. Mwandishi anaombwa kuanza kwa kuamini kwamba mwenzake amekosea tu, hakukusudia kuharibu. Lakini uvumilivu una mpaka. Katika Wikipedia ya Kiingereza, mtu akirudisha maneno yake kwa kufuta ya wenzake zaidi ya mara tatu kwa siku moja katika ukurasa mmoja, anaweza kuzuiwa kuandika kwa muda, hata kama anachosema ni kweli. Wanaopewa uwezo wa kuzuia watu na kufuta kurasa huitwa wakabidhi katika Wikipedia ya Kiswahili. Nao pia ni watu wa kujitolea, na yale wanayofanya huandikwa mahali ambapo wenzao wanaweza kuyaangalia.

SIKU TULIYOBANDIKA KARATASI UKUTANI

Tulitaka kuona kama mambo haya yanaweza kufanya kazi bila kompyuta. Tukawakusanya watu ishirini na wanne katika ukumbi, nusu kutoka Kibera na nusu kutoka Kawangware. Tukabandika karatasi kubwa tatu ukutani. Ya kwanza tuliandika juu yake "Makala", ya pili "Majadiliano", ya tatu "Historia". Tukaweka kalamu nene mezani tukasema: andikeni habari za Kibera, halafu kesho tutaandika za Kawangware.

Ilikwenda vizuri kwa nusu saa hivi. Halafu kijana mmoja wa Gatwekera akaandika kwamba Kibera ndio mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika na kwamba una watu milioni moja. Mama mmoja akasimama, akapiga mstari juu ya ile milioni akaandika 170,070. Kijana akaenda akapiga mstari juu ya hesabu ya mama akarudisha milioni. Mama akarudi. Kijana akarudi. Mara ya sita karatasi ikatoboka.

"Mama, mkiandika hivyo mnatumaliza," kijana akasema. "Choo cha pale kwetu kilijengwa kwa sababu ya hiyo milioni. Wafadhili wakisoma laki moja na sabini, si watafunga ofisi waende?"

"Mwanangu," mama akajibu, "mimi nilikuwa karani wa sensa mwaka 2009. Nilipita mlango kwa mlango usiku nikiwa na tochi. Ukidanganya kwa hesabu ya watu, nani atakuamini ukihesabu vyoo?"

Hapa sisi tuliosimamia tukafanya kosa. Tulisema tupige kura. Mikono ikaanza kuinuliwa, na watu wa Kibera wengi wakawa upande wa kijana. Ndipo mama mmoja wa Kawangware, ambaye tangu asubuhi hakuwa amesema neno, akatuzuia. "Kura haiwezi kuongeza watu," akasema, "wala haiwezi kuwapunguza." Kisha akaonyesha kwa kidole karatasi ya pili, ile ya majadiliano. Ilikuwa nyeupe kabisa. Watu wawili walikuwa wamefutana mara sita bila kuandikiana hata mstari mmoja.

Tukaona haya, tukaanza upya. Tuliwaomba wote wawili waache karatasi ya makala na waandike kwenye ya majadiliano. Kijana akaandika swali: "Je, karani alifika kila nyumba? Kwetu hakufika." Lilikuwa swali la haki. Mama akaandika jibu: katika eneo lake alirudi mara ya pili kwa nyumba alizokuta zimefungwa, lakini hawezi kusema kwa niaba ya makarani wengine. Mwingine akaandika kwamba mtu akitaja milioni inafaa aonyeshe nani alihesabu, na lini. Tukatafuta. Hesabu ile ilikuwa imerudiwa na magazeti na mashirika kwa miaka mingi, lakini kati ya yale tuliyoyasoma hakuna lililoonyesha kwamba kuna mtu aliyepita kuhesabu.

Jioni karatasi mpya ya makala ilisema hivi: "Sensa ya 2009 ilihesabu watu 170,070 katika Kibera. Kabla ya hapo magazeti na mashirika mengi yalitaja watu milioni moja au karibu na hapo. Watafiti waliofanya hesabu zao wenyewe walipata idadi iliyo juu ya ile ya sensa, lakini iliyo mbali sana na milioni. Baadhi ya wakazi wanasema makarani hawakufika kwao."

Kijana hakushinda, na mama hakushinda. Lakini hakuna mtu katika chumba kile aliyeweza kusema sentensi hizo ni za uongo, na kila mmoja alijiona ndani yake. Mzee mmoja Mnubi akauliza kuhusu jina, akikumbusha kwamba kwa Kinubi ni Kibra, yaani msitu, na kwamba jimbo la uchaguzi limeitwa Kibra tangu 2013. Hilo halikuchukua hata dakika tano. Majina yote mawili yakaandikwa, kila moja na maelezo yake. Walikuwa wameshajua njia.

WALIOANDIKA MTAA WAO KWA RAMANI

Ile hofu ya kijana ilikuwa ya kweli, na hatutaki kuipuuza. Alikuwa anauliza: tukipoteza hesabu kubwa, tutaonekana kwa nini? Jibu zuri tumeliona Kiberani penyewe.

Mpaka mwaka 2009 ramani nyingi zilionyesha Kibera kama mahali patupu au kama msitu, wakati maelfu na maelfu ya watu wanaishi pale. Mwaka huo vijana 13 wa Kibera, wakisaidiwa na Wamarekani wawili, Mikel Maron na Erica Hagen, walianza kazi iliyoitwa Map Kibera. Walitembea katika vijia wakiwa na vifaa vidogo vya GPS vinavyopima mahali mtu alipo. Waliandika penye bomba la maji, choo, zahanati, shule, kanisa na msikiti. Katika muda wa wiki chache ramani ya kwanza ilikuwa imepatikana. Baadaye kazi kama hiyo ikaenda Mathare na Mukuru.

Ramani ile haikuwekwa kabatini. Waliiweka katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo inaandikwa na watu wa kujitolea kama vile Wikipedia. Huko pia kila badiliko lina jina, tarehe na maelezo mafupi, na ukikosea mahali pa bomba mwenzako anakurekebisha.

Angalieni tofauti. Mtu akisema "tuko milioni moja", mwenye pesa anaweza kukataa. Mtu akisema "hiki hapa kijia, hivi hapa vyoo, na kutoka hapa mpaka pale hakuna hata kimoja", itabidi aje aone. Hata yule kijana wa Gatwekera alikubali hilo. Alisema kwamba akirudi atahesabu vyoo vya upande wake, na mama akacheka akasema atamwazima tochi.

ZAWADI IKIISHA

Kuna somo lingine ambalo vikundi vyetu vinalijua kwa machungu. Mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 kampuni ya Google iliandaa shindano kwa wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania, la kuandika makala katika Wikipedia ya Kiswahili. Kulikuwa na zawadi. Mamia ya makala mapya yaliandikwa kwa muda mfupi, na baadhi yalikuwa mazuri. Lakini zawadi zilipokwisha tolewa, wengi wa waliokuja hawakurudi tena. Wale wachache wa siku zote walibaki na kazi ya kusafisha makala yaliyotafsiriwa ovyo.

Hatusemi zawadi ni mbaya. Tunasema mgeni huja kwa zawadi lakini hukaa kwa sababu mtu amemsemesha. Katika Wikipedia kuna desturi nzuri: mwandishi mpya akifika, mwenyeji huandika katika ukurasa wa mgeni huyo maneno ya kumkaribisha na kumweleza pa kuuliza. Je, katika kikundi chenu, mwanachama mpya alikaribishwa vipi mara ya mwisho? Au alipewa kiti cha nyuma akaachwa?

MAGUMU YALIYOBAKI

Tusiwadanganye kwamba kila kitu ni chema huko. Yako magumu mawili yanayotuhusu sisi moja kwa moja.

Gumu la kwanza ni hilohilo la chanzo. Siku ya pili tulipoandika habari za Kawangware, karatasi ilijaa polepole. Kibera imeandikwa na magazeti ya dunia nzima. Kawangware haijaandikwa sana, ingawa matatu ya 46 hujaa kila asubuhi na mtaa umepakana na Lavington ya watu wenye uwezo. Kina mama wazee walijua kila kitu: nani alichimba kisima cha kwanza, soko lilihamishwa lini, mafuriko yalifika wapi. Lakini hakuna kilichochapishwa. Katika kitabu kinachodai chanzo, anayejua bila kuandikwa huonekana kama hajui. Huo ni upungufu mkubwa, na wahariri wenyewe wamekuwa wakijadiliana juu yake kwa miaka. Kwa upande wetu, dawa ni kuanza kuandika. Historia ya kikundi, ya kisima, ya shule ya mtaa, iandikwe na ichapishwe katika majarida kama hili, ikiwa na tarehe na jina la aliyesimulia kwa idhini yake. Hata hivyo si kila jarida dogo litakubaliwa na wahariri kuwa chanzo. Lakini kisichochapishwa kabisa hakina hata nafasi ya kujadiliwa.

Gumu la pili ni hamu ya kujisifu. Vikundi vingi vikisikia habari hizi, jambo la kwanza vinataka kuandika makala kuhusu kikundi chenyewe: mwenyekiti wetu shupavu, mradi wetu wa kuku uliofana. Wikipedia haipendi mtu aandike habari zake mwenyewe, na makala ya namna hiyo mara nyingi hufutwa. Msikasirike. Mtu hawezi kuwa shahidi na hakimu katika kesi yake. Andikeni habari za mtaa, za mto, za mmea mnaoujua. Habari zenu, muwaachie wengine waziandike.

ZOEZI KWA KIKUNDI CHENU

Zoezi hili linahitaji saa mbili, karatasi kubwa tatu na kalamu nene. Kompyuta haihitajiki.

1. Chagueni jambo moja la mtaa au kijiji chenu ambalo watu wanabishana juu yake. Kwa mfano, nani aliyeanzisha kisima, au mpaka wa shamba la kikundi uko wapi.

2. Bandikeni karatasi tatu: Makala, Majadiliano, Historia. Chagueni mtu mmoja wa kuandika historia: kila neno likibadilishwa, yeye anaandika saa, jina, na neno lilikuwa nini kabla.

3. Kila mtu anaweza kuandika au kubadilisha, lakini kwanza aseme sababu kwa sauti. Neno linalobadilishwa lipigwe mstari mmoja tu, ili bado lisomeke.

4. Watu wawili wakifutana mara mbili, mwezeshaji asimamishe. Wote wawili waende kwenye karatasi ya majadiliano na waandike: "Mimi nasema hivi kwa sababu hii, na nilipata habari mahali hapa." Asiyejua kuandika asimulie na mwingine aandike, kisha asomewe.

5. Msipige kura juu ya jambo la kweli au uongo. Tafuteni sentensi ambayo pande zote zitakubali kwamba ni kweli, hata kama haisemi yote wanayotaka.

6. Mwisho, rudini kwenye karatasi ya historia. Isomeni kwa sauti kuanzia juu. Mtashangaa kuona mlikotoka.

MASWALI YA KUJADILI

- Katika kikundi chetu, mtu akiona kosa katika daftari, hufanya nini? Humwambia nani?
- Je, maamuzi yetu ya mwaka jana yameandikwa pamoja na sababu zake, au matokeo tu?
- Ni mara ngapi tumepiga kura juu ya jambo ambalo lingefaa kuchunguzwa?
- Nani katika mtaa wetu anajua historia ambayo haijaandikwa popote? Nani ataenda kumsikiliza kabla hajatutoka?
- Wanaobeba kazi ya kikundi ni wangapi? Tumewahi kuwashukuru?

MWISHO

Mtauliza wale kina mama saba wa Kawangware waliishia wapi. Hawakutawanyika. Walinunua daftari jipya, na katika ukurasa wa kwanza wakaandika sheria nne. Wino mweupe ni marufuku. Kosa linapigwa mstari mmoja ili lisomeke. Kando yake inaandikwa tarehe na sababu. Watu wawili wanaweka sahihi. Ukurasa wa mwisho wa daftari wameuacha wazi kwa malalamiko, na yeyote anaweza kuandika hapo bila kuomba ruhusa kwa mwenyekiti.

Tulipowatembelea mara ya mwisho walikuwa kumi na wanne. Mmoja wa waliorudi ni yule ambaye jina lake lilifutwa. Tulimwuliza kwa nini amerudi. Alifungua daftari, akatuonyesha mstari uliokatwa vizuri, sahihi mbili kando yake. "Hapa hata makosa yanaonekana," akasema.

Jaribuni zoezi hili katika mkutano wenu ujao, halafu mtuandikie lilivyokwenda, hasa pale lilipokwama.